Picha elfu kumi na moja za khalati: vile utachagua programu ya kupanga na kuediti picha zako

Ramadhani ilopita khalati yangu wa Kibokoni huku Mombasa alinijia na laptopu yake, flashi tatu na hadi diski (hard disk) moja, vyote kavifunga kwa lesso, akanambia mwanangu nitafutie ile picha ya harusi ya dadako tulosimama mlangoni na marehemu ami yako, manake sina nyengine yake ya karibuni. Nikaona ni kazi ya nusu saa. Ilituchukua masiku mawili baada ya tarawehe. Picha elfu kumi na moja, na nyingi ni ile ile imejirudia mara tatu nne, moja ya simu, moja ya WhatsApp, moja alinakili kwa flashi akasahau, na katikati yake skrinshoti za M-Pesa na salamu za Ijumaa zenye mawaridi. Picha tuliipata alhamdulillahi. Lakini kilichoniuma ni kwamba khalati mwenyewe miaka ya nyuma alikaa akaandika majina ya watu kwa picha zake, mmoja mmoja, na yale majina yote yamepotea kwa sababu yalikuwa yamehifadhiwa ndani ya programu alotumia zamani, sio ndani ya picha. Laptopu ile ilipokufa, majina yakaenda nayo.

Tangu hapo jamaa wakiniuliza programu gani nzuri ya picha nawajibu kwa swali moja: siku ukiiacha hiyo programu, utatoka na nini mkononi? Hebu tuende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: kusanya kwanza, usipakue programu yoyote bado

Watu wengi huanzia kwa programu, alafu wanajaza picha nusu za simu huku nusu ya kompyuta kule. Anza na kukusanya. Tafuta hadi diski ya nje, hata ya terabaiti 1 yatosha familia nyingi, tengeneza folda moja kuu uiite Picha, ndani yake folda za miaka, ndani ya mwaka folda za tukio, na tarehe uandike mwaka mbele, yaani 2019-06-15 Harusi ya dada. Ukianza na mwaka, kompyuta yoyote duniani itazipanga kwa mfuatano wenyewe bila programu yoyote kukusaidia.

Nakili, usihamishe. Maana ya kunakili ni kwamba za mwanzo zabaki palepale mpaka uhakikishe za pili zafunguka. Stima ya huku waijua, ikikatika katikati ya kuhamisha waweza kubaki na faili nusu huku nusu kule, kwa hivo laptopu iwe na chaji ya kutosha na hadi diski itoe kwa utaratibu, usiichomoe tu.

Na hadi diski moja si bakapu. Nawaambia hili kwa moyo wote. Wapiga picha wana kanuni ya tatu mbili moja: nakala tatu, kwa vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na nyumba. Kwetu ile ya mbali yaweza kuwa hadi diski ya pili kwa nduguyo Mtwapa au Likoni, mnabadilishana kila Idi mkitembeleana. Hii hewa yetu ya chumvi na unyevu haina huruma na vyuma, hasa nyumba za karibu na bahari, kwa hivo weka diski kwa mkebe unaofunga vizuri na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Kila miezi michache iwashe uone yafunguka.

Hatua ya 2: angalia picha zako ni za wapi, manake hazifanani

Picha iliyopigwa na simu au kamera inabeba ndani yake maelezo yanayoitwa EXIF: tarehe, saa, aina ya simu, na mara nyingi hata mahali ilipopigwa. Hayo ndiyo programu inayasoma ili ikupangie. Sasa WhatsApp ikituma picha kama kawaida huipunguza ukubwa na kuyaondoa yale maelezo. Ndio maana picha za harusi ulotumiwa na binamu huwa zimetawanyika tu kwa programu, zimekaa siku ya kunakiliwa badala ya siku ya harusi. Lakini kuna kamba ya kushika: kwa Android faili la WhatsApp huitwa kwa mfano IMG-20190615-WA0007, ile namba ya katikati ni tarehe picha ilipotumwa au kupokewa. Kuna programu ya bure inaitwa ExifTool inaweza kuisoma hiyo tarehe kutoka kwa jina na kuiandika ndani ya picha, kwa maelfu kwa mara moja. Haina vitufe, waandika amri, kwa hivo tafuta kijana wa saiba akusaidie ukishindwa, na ujaribu kwa nakala. Kuanzia leo mwambie anayekutumia picha muhimu aitume kama dokumenti, hapo inafika nzima na maelezo yake.

Za kuskani ni jambo jengine. Kila nyumba ya Mji wa Kale ina albamu ya picha za studio, nyeusi na nyeupe, watu wamevaa vizuri wamesimama mbele ya pazia lililochorwa. Hizi zishaanza kushikana kwa unyevu, ziskani sasa, usingoje. Picha ndogo ziskani kwa dpi 600 (dpi ni kipimo cha undani wa skani). Tatizo ni kwamba skana itaandika tarehe ya leo, kwa hivo bibi yako wa 1974 atatokea baada ya mtoto wako alozaliwa juzi. Basi programu utakayochagua lazima ikuwezeshe kubadilisha tarehe ya picha kwa mkono, na kuandika maelezo. Ukae na wazee wakutajie nani ni nani ukiandika papo hapo. Hiyo ni jioni moja ya kahawa na mahamri, na hakuna programu itakayokufanyia ikiwa wenye kujua washaondoka.

Na kama una kamera kubwa inayotoa RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaisindika, hizo za Canon na Nikon zenye CR3 au NEF, jua si kila programu inazifungua vizuri. Utaona mbele.

Hatua ya 3: amua nani anaruhusiwa kuona

Huku kwetu hili ni zito na sijaona miongozo ya wenzetu ikiligusa. Siku ya kupamba kina mama wamevua mabuibui, bi harusi amepambwa, simu mara nyingi zinakusanywa mlangoni ili picha zisitoke nje. Sasa dada wa bi harusi ana picha zake kwa simu kwa ruhusa, lakini simu yake inapandisha picha yenyewe kwa klaudi (hifadhi ya mtandaoni), na akaunti ile ile imefunguliwa kwa tableti ya watoto na kwa simu ya zamani alompa kakake. Hapo amana imevunjika bila mtu kukusudia.

Kwa hivo kabla ya kuchagua, fungua mipangilio ya simu uone kupandisha kwenyewe kumewashwa au la, na akaunti yako iko wazi kwa vifaa vingapi. Google Photos ina folda iliyofungwa, inafunguka kwa alama ya kidole au namba ya siri, na hapo pia uangalie kama umeiruhusu ipandishe au ibaki kwa simu tu. Mimi kwa picha za namna hii naona bora programu inayokaa kwa kompyuta ya nyumbani tu, na hata utambuzi wa sura ufanyike humo humo. Pia ukituma picha nzima kama dokumenti kumbuka ina mahali ilipopigwa, kwa hivo kwa mtu usiyemjua usimpelekee ramani ya nyumba yako.

Hatua ya 4: maswali ya kuiuliza programu

La kwanza, je inaacha picha ya asili bila kuigusa? Programu nzuri ukiediti inaandika mabadiliko pembeni, asili yabaki. JPEG, ile aina ya kawaida ya faili la picha, ukiihifadhi juu ya yenyewe kila mara inapoteza ubora kidogo kidogo, na ukishakata mtu pembeni ukahifadhi juu, huyo mtu harudi.

La pili, lebo na majina yanakaa wapi? Nishasema habari ya khalati. Lazima ziweze kuandikwa ndani ya faili lenyewe au kwa kijifaili kidogo cha XMP kando yake, manake hivyo programu nyengine zitavisoma.

La tatu, je inafanya kazi na folda zangu au inazimeza kwa mfumo wake? La nne, yahitaji bando kila ukiifungua? La tano, kompyuta yangu ya RAM ya GB 4 itaibeba? La sita, pesa: ni mara moja, kila mwezi, au bure, na nisipolipa mwezi mmoja nini kinafungwa.

Programu hufungwa, usidhani yako ni ya milele. Picasa ilipendwa na watu wengi mno, Google wakaisimamisha 2016. Apple wakaachana na iPhoto na Aperture 2015 wakaleta Photos. Google Photos ilikuwa bila kikomo kwa picha zilizopunguzwa, na kuanzia tarehe 1 Juni 2021 zikaanza kuhesabiwa ndani ya GB 15 ambazo pia ni za barua pepe na Drive. Piga hesabu: picha ya MB 3, GB 15 ni kama picha elfu tano tu. Khalati peke yake ana GB 33.

Hatua ya 5: programu zenyewe, na maoni yangu

Kama una simu tu na huna kompyuta, Google Photos itakufaa, utafutaji wake ni mzuri mno, waandika bahari au keki inakuletea. Elewa mambo matatu lakini. Ukifuta picha ndani yake inafutika kwa simu na kwa klaudi pia, inakaa kwa pipa siku 60 kama ilikuwa imepandishwa, alafu imekwenda. Pili, akaunti ikikaa miaka 2 bila kutumiwa Google wanaweza kuifuta, kwa hivo ikiwa mzee wenu amefariki na picha zake ziko huko, msingoje. Tatu, mlango wa kutokea upo, unaitwa Google Takeout, ila tarehe na maelezo ulobadilisha vinakuja kwa vijifaili vya pembeni vya JSON, ndio maana nasema uhifadhi nakala za asili kwa diski toka mwanzo. Na kupandisha GB 33 kwa bando ni kutupa pesa, nenda kwa mwenye waifai ya nyumbani.

Kama una laptopu ya kawaida, jibu langu ni digiKam. Ni bure kabisa, ya chanzo huria, iko kwa Windows, Mac na Linux. Yatumia folda zako kama zilivyo, inatambua sura ndani ya kompyuta yako bila kupeleka chochote nje (mara ya kwanza itaomba ipakue data za utambuzi, fanya hivyo kwa waifai), inatafuta maradufu (picha zilizojirudia), inabadilisha tarehe, na inaweza kuandika lebo ndani ya picha. Hilo la mwisho ingia mipangilio ya metadata (yale maelezo ya ndani ya picha) uhakikishe limewashwa kabla hujaandika jina hata moja. Ubaya wake ni vitufe vingi, siku ya kwanza utaona kizunguzungu, na kwa laptopu chovu huwa nzito ikianza kusoma picha zote. Iache usiku ifanye kazi. Khalati nimemfundisha vitu vinne tu, kutazama, kuandika jina, kuweka nyota na kutafuta, na anaiweza.

Kama laptopu ni kuukuu kabisa, IrfanView ya Windows ni nyepesi mno na iko tangu 1996, au XnView MP, zote bure kwa matumizi ya nyumbani. Hizo ni za kutazama, kugeuza, kukata na kubadilisha majina kwa wingi.

Mwenye kamera ya RAW ajaribu darktable au RawTherapee, zote bure na zote haziigusi picha ya asili. Lightroom ya Adobe ni nzuri na wapiga picha wa harusi wengi wanaitumia, lakini ni ya kulipa kila mwezi au mwaka. Ukiacha kulipa, kwa Lightroom Classic bado utaona picha zako na kuzitoa, ila sehemu ya kuediti inafungwa. Kama kazi yako ni picha, inajilipa. Kama ni picha za watoto pwani ya Nyali na Idi kwa bibi, sioni haja. Na tafadhali usichukue zile programu za wizi zilovunjwa kufuli, za bei ya chini kwa flashi, nyingi zinakuja na virusi na virusi havichagui, vitaanza na picha hizo hizo unazotaka kuzilinda.

Wenye iPhone na Mac, Photos ya Apple imetosha, nafasi ya bure ni GB 5 tu. Ukiwasha ile ya kuokoa nafasi jua picha kamili iko klaudi na kwa mashine yako kuna ndogo yake, kwa hivo kabla ya kunakili kwa diski shusha zile za asili kutoka klaudi kwanza.

Kwa kuediti kwa simu, Snapseed. Bure, na kuna kitufe cha kugusa sehemu moja tu ya picha ukaipa mwanga, hicho ndicho tutakitumia sasa.

Hatua ya 6: jaribio la kanzu

Usijaribu programu kwa picha nzuri, ijaribu kwa picha ngumu. Yangu mimi ni hii: mzee amevaa kanzu nyeupe, kando yake mama na buibui jeusi, saa saba mchana ufuoni Mama Ngina, nyuma bahari inawaka. Kamera inachanganyikiwa, ama kanzu inaungua ikawa karatasi tupu ama nyuso zinakuwa giza. Ifungue kwa programu unayoijaribu, inua vivuli taratibu uone nyuso zinarudi huku nyuzi za kanzu zikionekana bado. Punguza ile sehemu nyeupe. Alafu nyoosha mstari wa bahari, manake bahari iloinama inaharibu picha nzima na ni kazi ya sekunde tano. Ya pili jaribu picha ya ukumbini usiku chini ya mataa ya rangi, uone kama yaweza kurudisha rangi ya ngozi ya watu walivyo.

Na hapa nasema wazi, zile apu zinazomfanya kila mtu mweupe na pua nyembamba kwa kugusa mara moja, usiziache ziguse picha za familia. Bibi yako alikuwa na rangi yake na mikunjo yake, wajukuu wanataka kumuona yeye.

Ukimaliza angalia programu imehifadhi wapi. Ikiwa imeandika juu ya asili bila kukuuliza, hiyo toa.

Hatua ya 7: jaribio la kutoka

Hii wengi wanairuka na ndiyo kubwa. Chukua nakala za picha kama mia mbili, ziweke kwa folda ya majaribio, tumia programu wiki moja. Andika majina kwa kumi, weka nyota, editi tatu, badilisha tarehe ya moja iloskaniwa. Alafu funga hiyo programu, chukua folda ile uipeleke kompyuta nyengine au uifungue kwa programu nyengine kabisa. Majina yapo? Tarehe ya 1974 ipo? Zile tatu ulizoediti ziko kama asili au zimebadilika, na waweza kupata zote mbili? Ikiwa jina la ami halionekani nje ya programu, basi tafuta ule mpangilio wa kuandika ndani ya faili, na ukikosa achana nayo hata kama ina sura nzuri vipi.

Hatua ya 8: hamia kidogo kidogo

Usikae chini na picha elfu kumi kwa siku moja, utachoka uache. Anza na maradufu, hapo pekee picha za khalati zilipungua karibu nusu. Kabla hujafuta linganisha ukubwa wa faili, ubakishe ile kubwa, kwa kawaida ndiyo ya asili na ile ndogo ni ya WhatsApp. Alafu fanya mwaka mmoja kwa wiki, ukianza na wa karibuni kwa sababu watu wa mwaka huo bado unawakumbuka. Nyota moja moja kwa zile unazozipenda, kama hamsini kwa mwaka. Hizo hamsini ndizo utaziediti, zilobaki ziache zilivyo. Kila ukimaliza mwaka chomeka diski ya pili unakili.

Khalati sasa amefika 2016. Kila Alhamisi baada ya laasiri namkuta barazani na laptopu, miwani puani, anauliza wapita njia, huyu mtoto alosimama nyuma ya keki ni wa nani.